Umehamisha websaiti kwenda hosti nyingine na sasa mambo hayaendi? Anzia hapa

Usiku wa Alhamisi moja nimekaa kwenye kiofisi changu Ngamiani hapa Tanga, barabara ya 12, nahamisha websaiti ya gesti moja ya Raskazone, na kwa masaa matatu kamili nikawa narekebisha kosa ambalo halikuwepo. Kila nikibadilisha kitu kwenye seva mpya narudi kwenye brauza, nabonyeza refreshi, hola. Picha ya juu ileile ya bahari. Nikabadili themu, hola. Nikaona isiwe tabu, nikaifuta folda nzima ya plagini, websaiti inadunda tu kama hakuna kilichotokea, na fomu ya booking ipo palepale inanikodolea macho. Hapo ndo nikashtuka. Fomu ya booking inatoka kwenye plagini, na plagini nimeshafuta, sasa hii inatoka wapi? Kumbe muda wote laptop ilikuwa inaniletea seva ya zamani. Nimehangaika kupiga rangi nyumba mpya huku nimesimama sebuleni kwa nyumba ya zamani nashangaa mbona ukuta haubadiliki.

Toka siku hiyo mtu akinipigia kuniambia nimehamisha websaiti imegoma, swali langu la kwanza ni moja tu, unaangalia seva ipi? Kama hana jibu simsikilizi mengine.

Naongelea WordPress iliyo kwenye cPanel, ile paneli ya kuendeshea hosti, maana ndo wengi tunayo, na naongelea kuhamisha kwa mkono. Yaani umezipu public_html kule kwa zamani, umetoa databesi kwa phpMyAdmin ukapata faili la .sql, umeenda kwa hosti mpya ukapandisha zipu ukaifungua, ukatengeneza databesi mpya na yuza wake, ukaingiza lile .sql, ukarekebisha wp-config.php, ukabadili DNS, kile kitabu cha anwani kinachosema domeni iko seva gani. Kama hata hizo hatua hujafanya basi rudi kwanza ukafanye. Na kama unapandisha faili mojamoja kwa FileZilla kwa bando la simu, acha bwana, WordPress ina maelfu ya vifaili vidogo vidogo, utakesha na katikati umeme utakatika. Zipu moja, pandisha, fungua hukohuko kwenye seva.

Naona ileile ya zamani, au mimi naona mpya mteja anaona ya zamani

Kipimo changu cha bei rahisi kuliko vyote: ingia File Manager ya hosti mpya, ndani ya public_html tengeneza kifaili kinaitwa mpya.txt, andika humo neno lolote, mimi naandika "karibu". Alafu kwenye brauza fungua mfano.co.tz/mpya.txt, weka domeni yako hapo. Ukiona karibu uko seva mpya. Ukiona ukurasa haupo, uko seva ya zamani, na chochote utakachorekebisha hutakiona, kwa hiyo weka mouse chini kanywe kahawa kwanza.

Sababu ni DNS. Ukibadilisha anwani, dunia nzima haijui palepale. Kila rekodi ya DNS ina muda wake wa kukaa kwenye kumbukumbu za mitandao, unaitwa TTL, na cPanel kwa kawaida inaweka 14400, hizo ni sekunde, masaa manne. Ukibadilisha neimseva zenyewe, yaani seva zinazotunza hizo rekodi, inaweza kuvuta mpaka siku mbili. Ndo maana wewe kwenye waifai unaona mpya na mteja wako yuko Muheza kwenye laini ya simu anaona ya zamani, wote mko sahihi. Dawa yake inatakiwa iwe ya mapema: siku mbili kabla ya kuhama unaingia kwenye zone ya DNS (orodha ya rekodi zake) kule kwa zamani unashusha TTL mpaka 300, ili siku ya kuhama watu wasubiri dakika tano badala ya masaa manne. Ukishabadilisha ndo unakumbuka TTL, ushachelewa, subiri tu.

Kama hutaki kusubiri, na usisubiri, tumia faili la hosts la kompyuta yako. Windows liko C:\Windows\System32\drivers\etc\hosts, fungua Notepad kwa kubofya kulia na kuchagua Run as administrator la sivyo itakataa kusevu, kule chini ongeza mstari wenye IP (namba ya anwani) ya seva mpya, nafasi, alafu domeni, na mstari wa pili wenye www. Sevu, funga brauza fungua tena. Kompyuta yako peke yake itaenda seva mpya, dunia nzima inabaki ya zamani. Na hivi ndo inavyotakiwa kufanyika toka mwanzo: unapima kila kitu kwa hosts kabla hujagusa DNS, unarekebisha makosa yote kimya kimya, mteja hajui hata kama unahama. Mimi usiku ule wa Raskazone nilikuwa nimeuandika huo mstari vizuri kabisa ila nimesahau wa www, na websaiti yenyewe inafunguka kwa www. Masaa matatu yangu yaliishia hapo.

Kitu kingine cha kuangalia kwenye hicho kipindi cha seva mbili: mtu akiweka oda au booking, inaingia kwenye databesi ya seva aliyoiona yeye. Gesti ile booking mbili ziliingia kule kwa zamani baada ya mimi kushatoa .sql, nikazihamisha kwa mkono. Kama ni duka la mtandaoni lifunge kwa masaa machache, weka tangazo, hamisha usiku.

"Error establishing a database connection"

Hii ndo mama wa makosa yote, na ni ile yenye kutisha kuliko yote ilhali ndo nyepesi. Inasema WordPress imegonga mlango wa databesi haikufunguliwa. Fungua wp-config.php utaona mistari minne: DB_NAME, DB_USER, DB_PASSWORD, DB_HOST. Mmoja kati ya hiyo minne ni muongo.

Wengi wanaanguka kwenye jina. cPanel inabandika jina la akaunti yako mbele ya kila databesi na kila yuza. We umeandika "wp" lakini jina lenyewe limekuwa kitu kama tangages_wp, na kwa hosti ya zamani lilikuwa na kiambishi kingine kabisa. Usiandike kwa kichwa, nenda kwenye ukurasa wa MySQL Databases kopi jina kama lilivyo.

Wa pili wanatengeneza databesi, wanatengeneza yuza, wanadhani wamemaliza. Bado. Kuna sehemu palepale chini inaitwa Add User To Database, unamchagua yuza, unaichagua databesi, unaweka tiki ALL PRIVILEGES. Bila hapo yuza ni kama mtu mwenye funguo ya nyumba asiyejua nyumba iko mtaa gani. Nshapoteza hesabu ya simu nilizopigiwa kwa ajili ya hiyo tiki.

DB_HOST kwa hosti nyingi ni localhost, ila zipo zinazoweka databesi kwenye seva ya pembeni na wanakupa jina lake, angalia kwenye ile barua pepe ya kukukaribisha.

Sasa pasiwedi. Kijana mmoja wa Makorora alinifuata na simu yake, kila kitu sawa, jina sawa, tiki ipo, pasiwedi ni ileile tumeibandika mara tatu. Nikaivuta skrini nikaikuza. Alama za kufungulia na kufungia maneno zilikuwa zimepinda, ‘ na ’ badala ya ' iliyonyooka. Alikuwa ameandika mstari kwenye notisi za simu, kibodi ya simu ikampambia, akakopi. PHP haizijui hizo za kupinda. Kuhariri wp-config kwenye simu sikatazi, kuna siku huna namna, ila hariri ndani ya File Manager yenyewe na uangalie hizo alama kwa jicho la fundi saa. Na kama pasiwedi yako ina ' au \ ndani yake, badilisha weka nyingine yenye herufi na namba tu iwe ndefu, usijitafutie vita.

phpMyAdmin inakataa kuingiza .sql

Soma namba ya kosa, ile namba ndo jibu.

#1046 maana yake hujachagua databesi, bofya jina lake kushoto kwanza ndo uende Import. #1044 maana yake faili lako lina mstari wa CREATE DATABASE au USE wenye jina la databesi ya zamani, na huku huna ruhusa nayo, lifungue faili ufute hiyo mistari pale juu. #1050 meza ipo tayari, hii inatokea ukiingiza mara ya kwanza ikakatikia njiani alafu ukarudia juu yake. Futa meza zote, anza upya, usijaribu kuunganishia.

#1273 ndo ya kisasa, inalalamika haiijui utf8mb4_0900_ai_ci. Hosti ya zamani ilikuwa MySQL 8, ambayo hiyo ndo kolesheni yake ya kawaida (kanuni ya kupanga na kulinganisha herufi), na mpya ni MariaDB au MySQL ya nyuma ambayo haijui mdudu huyo. Fungua .sql kwa Notepad++ au VS Code, tafuta utf8mb4_0900_ai_ci kote, badilisha iwe utf8mb4_unicode_520_ci, sevu, ingiza tena. Usifungue kwa Word. Nimesema usifungue kwa Word kwa sababu nshaona mtu amefungua kwa Word.

Na ikikwambia faili ni kubwa mno, libane kwa gzip liwe .sql.gz, phpMyAdmin inalipokea hivyohivyo na mara nyingi linashuka hata chini ya robo ya ukubwa. Likiwa bado kubwa waombe hosti wapya wakuingizie wao, ni kazi ya dakika mbili kwao na unawalipa.

Badala ya websaiti naona ukurasa wa kuanzisha WordPress upya, unaniuliza lugha

Usibonyeze kitu! Databesi imeunganishwa vizuri ila WordPress haioni meza zake. Aidha databesi iko tupu, ile import haikwenda, au $table_prefix kwenye wp-config haifanani na meza. Fungua phpMyAdmin angalia meza zinaanzaje, labda wpxk_posts, wpxk_options, alafu wp-config yako inasema wp_. Fananisha, kwisha.

Ndugu yake ni huyu: unaingia kwenye dashibodi pasiwedi inakubali ila inakwambia huruhusiwi kufungua ukurasa. Hapo kuna mtu alibadilisha kiambishi cha meza bila kubadilisha majina yaliyo ndani ya usermeta, kama wp_capabilities. Rudisha kiambishi cha zamani, usiwe mbunifu siku ya kuhama.

Ukurasa mweupe, au kosa la 500 la seva, au brauza inashusha faili badala ya kufungua

Hapa ndo penye mizigo ya nyumba ya zamani. Unapozipu public_html unabeba na vitu ambavyo vimeandikwa kwa ajili ya seva ile tu, na vingi vimefichwa, vinaanza na nukta. Kwenye File Manager nenda Settings weka tiki Show Hidden Files ndo utaviona.

Ikishusha faili badala ya kufungua ukurasa, fungua .htaccess. Kule chini utakuta kipande kinaanza "# php -- BEGIN cPanel-generated handler" na ndani yake mstari wa AddHandler wenye namba ya PHP ya seva ya zamani, mathalani ea-php74. Seva mpya haina hiyo toleo, haijui ifanye nini na faili, inakukabidhi. Futa hicho kipande chote, alafu chagua toleo la PHP kwenye cPanel mpya. Ikileta 500, tafuta humohumo mistari ya php_value au php_flag, seva nyingi za siku hizi hazitaki hiyo mistari kwenye .htaccess.

Alafu .user.ini. Kama ulikuwa na Wordfence, ile plagini ya ulinzi, humo ndani kuna mstari wa auto_prepend_file wenye njia nzima kuanzia /home/ mpaka wordfence-waf.php, na baada ya /home/ kuna jina la akaunti yako ya zamani. Huku akaunti ina jina lingine. PHP inaambiwa soma hili faili kabla ya yote, haipati, inakufa kabla hata WordPress haijaamka, ndo maana unazima plagini zote na bado imekufa. Rekebisha njia au futa mstari, na subiri dakika kama tano maana PHP inaikumbuka .user.ini kwa muda.

Vilevile angalia ndani ya wp-content kama kuna advanced-cache.php na object-cache.php. Hizo zimeachwa na plagini za kache, zile zinazotunza nakala ili websaiti iwahi kufunguka. Ya kwanza mara nyingi imebeba njia ya zamani, ya pili inatafuta Redis au Memcached ambayo huku labda haipo. Zibadilishe majina, websaiti ikiamka umepata jibu, utaiwasha kache upya baadaye.

Kama hakuna hata kimoja kati ya hivyo, acha kubahatisha, soma logi. Kwenye wp-config weka WP_DEBUG true, WP_DEBUG_LOG true na WP_DEBUG_DISPLAY false, fungua websaiti mara moja, alafu nenda wp-content/debug.log. Itakutajia faili na mstari. Mara nyingi ni plagini ya zamani isiyoelewana na PHP mpya, basi shusha PHP kwa muda au badilisha jina la folda ya hiyo plagini. Ikisema "headers already sent" na inataja wp-config, kuna nafasi au mstari mtupu umeingia kabla ya <?php pale juu kabisa, ufute.

Ruhusa za faili nazo: folda 755, faili 644. Kuna watu wakiona 500 wanaweka 777 kila mahali, hiyo ni kulala mlango wazi, na kwenye seva nyingi ndo inaleta hiyo 500 yenyewe.

Ukurasa wa mbele unafunguka, kurasa za ndani zote 404 (ukurasa haupo)

.htaccess hujaibeba, au umeifuta yote badala ya kile kipande. Dashibodi, Settings, Permalinks, bonyeza Save bila kubadili kitu. Basi. Kama seva mpya ni Nginx tupu, .htaccess haifanyi kazi kabisa, hapo waulize hosti.

Maneno yamevurugika

Hii sisi tunaiona mapema kwa sababu ya ng'ombe. Websaiti ya mfugaji mmoja wa njia ya Pangani, baada ya kuhama, kila penye ng'ombe ikawa "ngâ€™ombe", kila ng'ambo "ngâ€™ambo". Ile koma ya juu ya kupinda imehifadhiwa kwa herufi za UTF-8 alafu inasomwa kama latin1. Angalia DB_CHARSET kwenye wp-config, iwe ileile ya wp-config ya zamani, usiiguse, na wakati wa kuingiza .sql phpMyAdmin inakuuliza charset ya faili, weka utf-8.

Ila kama badala ya hizo takataka unaona alama za kuuliza ????, mathalani websaiti ya madrasa yenye aya za Kiarabu, hapo usipoteze muda kurekebisha huku, herufi zenyewe zimeshapotea njiani. Rudi seva ya zamani toa .sql upya. Ndo maana nasema usifunge akaunti ya zamani haraka, nitarudi hapo.

Kufuli limepotea, au inazunguka bila kufunguka

Brauza ikisema muunganisho si salama saa moja baada ya kubadili DNS, tulia. Cheti cha bure cha Let's Encrypt au AutoSSL hakitolewi mpaka domeni iwe imeshaelekea seva mpya, maana mtoa cheti anakuja kugonga mlango kuhakikisha. Ikishaelekea, ingia SSL/TLS Status bonyeza Run AutoSSL.

Ikisema ERR_TOO_MANY_REDIRECTS na unatumia Cloudflare, wale wanaokaa kati ya mgeni na seva yako, angalia kama SSL yake iko Flexible. Cloudflare inaongea na seva kwa http, seva inaisukuma kwenda https, Cloudflare inarudi tena kwa http, wanasukumana milele kama watoto wanaogombania pembea. Weka Full (strict) cheti kikishakuwepo.

Kufuli lipo ila lina onyo, picha kadhaa bado zinaitwa kwa http. Hapa ndo watu wanaharibu. Wanafungua .sql kwa Notepad, tafuta http badilisha https, sevu, ingiza, na ghafla mipangilio ya themu yote imepotea, wijeti zimekimbia. Sababu ni hii: WordPress inahifadhi mipangilio mingi pamoja na idadi ya herufi zake. Utakuta s:18:"http://mfano.co.tz", hesabu mwenyewe, ni herufi 18. Ukiongeza s moja zinakuwa 19, lakini kule mbele bado kumeandikwa 18, PHP inaona hesabu haijatimia inatupa mpangilio wote. Tumia plagini ya Better Search Replace, au kama una terminali wp search-replace, hizo zinarekebisha na hesabu. Kama domeni haijabadilika na ilikuwa https toka mwanzo huna haja ya kugusa chochote hapa.

Ukibonyeza kuingia inakurudisha kwenye anwani ya muda uliyopewa na hosti, nenda kwenye meza ya options, mistari ya siteurl na home, weka anwani sahihi bila mkwaju (/) mwishoni.

Picha baadhi hazipo

Zipu haikufunguka yote, mara nyingi nafasi imejaa, maana zipu yenyewe na vilivyomo vinakaa pamoja kwa muda. Linganisha ukubwa wa wp-content/uploads huku na kule. Kama websaiti ilikuwa kwenye seva ya Windows ikaja Linux, huku Bahari.JPG na bahari.jpg ni watu wawili tofauti.

Imeili

Hili nimeliweka mwisho na ndo lenye maumivu kuliko yote, kwa sababu websaiti ikifa unaona, imeili zikifa huoni. Kwenye websaiti kila kitu kinang'aa, mteja kakulipa, Jumatatu asubuhi simu inaita, ni mama mwenye ile gesti.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Mbona wageni wangu wananiambia barua zao zinarudi?"

Nilibadili neimseva Ijumaa. Ukibadili neimseva hubebi websaiti peke yake, unabeba na rekodi za MX, zile zinazosema imeili ziende wapi. Zikaanza kwenda seva mpya, na seva mpya sikutengeneza sanduku hata moja la imeili. Kila aliyeandika Ijumaa mpaka Jumatatu amerudishiwa na jibu kwamba hapa hakuna mtu wa jina hilo. Wageni wa Ujerumani wanaotafuta chumba karibu na bahari, wamerudishiwa! Sikuwa na la kujitetea, nikamwambia mama nimekosea, nikapanda baiskeli nikaenda mwenyewe.

Kwa hiyo kabla ya kubadili neimseva, tengeneza masanduku yote kwenye cPanel mpya, majina yaleyale. Na kopi kila rekodi ya zone ya zamani, siyo A ya websaiti tu: MX, TXT, CNAME, zote, piga picha ya skrini. Imeili za zamani unazihamisha kwa Thunderbird, unaweka akaunti mbili za IMAP, moja ya seva ya zamani moja ya mpya, unaburuta folda kutoka huku kwenda kule. Kwa ile ya zamani usitumie mail.mfano.co.tz maana hiyo nayo imeshahamia seva mpya, tumia jina la seva yenyewe au IP yake.

Kama imeili zako ziko Google au kwingine nje ya hosti, kuna mtego mwingine: fomu ya mawasiliano inasema ujumbe umetumwa na haufiki, ila mtu akikuandikia kutoka Gmail yake inafika. Seva mpya inadhani imeili za domeni yako zinakaa kwake, inajitumia yenyewe. Nenda Email Routing chagua Remote Mail Exchanger.

Na zikifika lakini kwenye spam, rekebisha SPF, ile TXT inayotaja seva gani zinaruhusiwa kutuma, bado ina IP ya zamani, na washa DKIM, ile saini ya imeili. Toka Februari 2024 Gmail inataka angalau kimojawapo kwa kila anayetuma, haina mjadala.

Akaunti ya zamani

Iache mwezi mzima. Najua Tanga ni waja leo waondoka leo, ila kwa hosti ondoka taratibu, pesa ya mwezi mmoja ni ndogo kuliko kumpigia mtu simu kumwomba bakapu aliyoshafuta. Na usichanganye kufuta hosti na kufuta domeni: kama ulinunua domeni kwa haohao wa zamani, domeni inabaki kwao mpaka uihamishe kivyake, na ikiisha muda websaiti yako inazimika hata kama hosti mpya umelipia miaka mitatu.

Siku ya kuifunga shusha bakapu ya mwisho kamili, iweke kwenye flashi. Futa mpya.txt. Alafu futa ile mistari kwenye hosts. Mimi yangu niliiacha, miezi kadhaa mbele hosti wakabadili IP, watu wote wanaiona websaiti ya gesti, mama anaiona, vijana wa baraza la kahawa wanaiona kwenye simu, laptop yangu peke yake inasema haipo, nami nimeshaanza kuandika barua kali kwa hosti.